Kadi ya Baba na Kamba ya Dima

Kila asubuhi nyumbani kwetu ilianza na moshi. Kabla ya chai, nilimsaidia Bibi kufukiza vibuyu vya maziwa. Alitia kaa la moto ndani ya kibuyu, akakitikisa, akamwaga majivu, kisha akanipa ninuse. "Bado, Bibi," nilisema kila mara, hata kama kibuyu kilikuwa kimeshaiva kwa moshi, ili nichelewe kwenda kuchota maji. Bibi aliujua ujanja wangu. Alinigonga kichwani kwa kifuniko, tukacheka, nikachukua mtungi. Siku hizi ninafanya kazi mbali na nyumbani na maziwa ninanunua ya pakiti. Ni mazuri, lakini hayanuki moshi.

Tuliishi nje kidogo ya mji wa Garsen: Baba, Mama, Bibi, mdogo wangu Liban na mimi, Abdia. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Sisi ni Waorma, na kwetu mtu huulizwa habari za ng'ombe kabla hajaulizwa habari za watoto wake. Nilipozaliwa, siku kitovu changu kilipokatwa, Babu alinipa ndama jike awe wangu. Ndama huyo alikua akazaa, na mjukuu wake ndiye aliyekuwa Dima, mtamba mwekundu ambaye alikuwa hajazaa bado. Nikimwita jina alikuja mbio na kunilamba mkono kutafuta chumvi. Watoto wengine walikuwa na baiskeli. Mimi nilikuwa na Dima, na niliringa.

Baba, Bwana Kassim, alikuwa afisa wa mifugo. Alizunguka kwa pikipiki kutoka Wenje hadi Kilelengwani akichanja ng'ombe wa watu. Mshahara wake ulikuwa na miguu: uliingia leo, keshokutwa haupo. Basi siku moja akarudi kutoka Malindi na kadi ya benki ya rangi ya buluu, akaiweka juu ya mkeka.

"Hii ni kadi ya mkopo," alisema. "Tukikosa unga katikati ya mwezi, tunagusisha kadi dukani. Benki inalipa, halafu mimi nailipa benki."

Bibi aliigeuza kadi huku na huku. "Na riba je?"

"Nikilipa yote kwa wakati, hakuna riba, Mama."

"Na usipolipa kwa wakati?"

Baba alicheka. "Mama, mimi nimesoma."

"Ng'ombe hajasoma," Bibi alijibu, "lakini humjua mwenyewe." Akarudi kwenye vibuyu vyake.

Wakati huo Bi Sumayya alikuwa amefungua duka kubwa karibu na barabara kuu. Lilikuwa na friji la vinywaji na mashine ya kadi. Aliyekaa kwenye malipo alikuwa kijana wa Kigiriama aitwaye Chengo, mtu wa mzaha na mluzi. Kwa kuwa Baba alikuwa safarini na Mama ana shughuli, niliyetumwa dukani na kadi nilikuwa mimi. Nilichukua unga, mafuta na sukari. Niligusisha kadi, mashine ikalia "tiii", na kikaratasi cha risiti kikatoka. Sikutoa hata shilingi moja. Nakumbuka siku ya kwanza nilitembea hadi nyumbani nikijihisi mtu mkubwa.

Wiki ya pili niliongeza soda. "Mama amesema?" Chengo aliniuliza.

"Amesema," nilijibu bila kupepesa.

Kutoka soda nikaenda kwenye biskuti. Kutoka biskuti nikaenda kwenye aisikrimu, yangu na ya rafiki yangu Swaleha. Kisha nikachukua begi jipya la shule, nikamwambia Mama kwamba begi lile ni la Swaleha, ameniazima. Hela za mfukoni unaziona zikipungua, na moyo unakuonya. Kadi ilibaki nene vilevile kila nilipoirudisha. Risiti za vitu nilivyotumwa nilimpa Mama. Zangu nilizificha ndani ya atlasi yangu, maana katika nyumba yetu hakuna mwingine aliyekuwa na haja ya ramani.

Naye Baba alikuwa na kosa lake. Kila mwezi benki ilimtumia ujumbe wenye kiasi cha chini cha kulipa, shilingi elfu mbili na mia nne. Alilipa hizo tu, kwa tarehe, bila kukosa, na akalala usingizi mnono. "Watu wa benki waungwana," alimwambia Mama. "Wanaridhika na kidogo."

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda kununua unga na majani ya chai. Niligusisha kadi, mashine ikatoa mlio nisioujua. Chengo akajaribu tena.

"Imekataa, dada," alisema kwa sauti ya chini, ili waliokuwa nyuma yangu wasisikie. Lakini walisikia. Niliacha unga palepale, nikatoka nikiwa nimeinamisha kichwa.

Baba alisafiri hadi benki. Aliporudi jioni alikuwa na karatasi nne zilizojaa tarehe na kiasi. Deni lilikuwa shilingi elfu hamsini na nane, maana salio ambalo hakulipa liliongezwa riba kila mwezi. Mama, ambaye hakusoma sana lakini hakusahau kamwe alichotuma, alizipitia pamoja naye mstari kwa mstari.

"Siku hii nilituma sukari tu," alisema. "Mbona hapa kadi imeguswa mara mbili? Na hii pia. Na hii."

Walihesabu mara zile za ziada. Zilifika shilingi elfu kumi na moja na mia tatu arobaini. 

Kesho yake Baba alinichukua tukaenda dukani. Alimweleza Bi Sumayya kwamba kadi iliguswa mara ambazo hatukutuma kitu, naye akamwita Chengo.

"Bwana Kassim, vitu vile nilimpa huyu binti yako," Chengo alisema. "Soda, biskuti, begi. Alisema ametumwa."

Wote watatu walinigeukia. Baba akaniuliza, "Ni kweli, Abdia?"

"Hapana," nilisema.

Neno moja tu. Chengo alinitazama. Bi Sumayya alisema kwamba fedha zile zitakatwa kwenye mshahara wa Chengo, na mwisho wa mwezi atafute kazi kwingine.

Njiani Baba alinishika bega. "Afadhali," alisema. "Akilipa Chengo, zilizobaki nitazilipa kwa kuuza mbuzi na kukopa kidogo kwa ndugu. Bila hivyo ningelazimika kukuomba Dima tumpeleke mnadani."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekishika mkononi. Nikinyamaza, Dima angebaki. Nikisema, angekwenda. Jioni ile nilimpelekea chumvi, nikamkumbatia shingo, nikajiambia kwamba Chengo ni mtu mzima, atapata kazi nyingine. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana, na kila mara nilijidai kuamini zaidi ya mara iliyotangulia. Ukweli ni kwamba sikuamini hata kidogo.

Siku tatu baadaye Mama alinipa sarafu nikanunue chumvi. Nilitamani kukataa. Chengo alikuwa akifuta friji kwa kitambaa, na mluzi wake haukuwepo. Nilitarajia anitukane. Nilimwandalia hata majibu. Alinipimia chumvi, akanirudishia chenji, kisha akasema, "Abdia, mwambie mama sukari imeshuka bei leo. Asije akakosa."

Ni hayo tu. Nilitoka dukani, nikasimama nyuma ya ukuta, nikalia hadi pua ikaziba. Angenitukana ningeweza kuvumilia.

Nilikimbia nyumbani, nikachukua atlasi. Baba alikuwa akitengeneza pikipiki.

"Baba, tafadhali twende kwa Bi Sumayya."

"Kuna nini?"

"Nitasema tukiwa mbele ya Chengo. Nisiposema mbele yake haitoshi."

Dukani niliifungua atlasi juu ya meza ya malipo. Risiti arobaini na sita zilimwagika, nyingine zikaanguka sakafuni. "Zote ni zangu," nilisema. "Kaka Chengo hakuiba. Niliongopa kwake, nikaongopa kwa Mama, na nikaongopa hapa. Niliogopa Dima angeuzwa."

Baba hakunipiga. Aliokota risiti moja moja, akazipanga. Kisha akamwendea Chengo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, nimekuvunjia heshima mbele ya tajiri wako. Nisamehe."

Chengo alijikuna kichwa. "Yamekwisha, mzee." Halafu akaniangalia, na mzaha wake ukarudi kidogo. "Lakini wewe, atlasi nzima! Umezunguka dunia kwa biskuti?"

Bi Sumayya alicheka, Baba akacheka, nami nikacheka huku nikilia. Kazi ya Chengo ilibaki yake.

Lakini deni lilibaki letu. Kabla usiku haujaingia, Baba aliniita mbele ya Mama na Bibi. "Ng'ombe wa kitovu ni wa mtoto," alisema. "Hata baba hamwuzi bila ruhusa. Sikulazimishi, Abdia. Kosa kubwa ni langu. Nakuomba."

Nilimtazama Baba, mtu aliyechanja maelfu ya ng'ombe, akimwomba binti yake mmoja. "Muuze, Baba," nilisema. Sauti yangu haikutoka vizuri, ikabidi niseme tena.

Bibi alinivuta karibu naye. "Sasa nisikilizeni nyote wawili, msomi na mtoto wa msomi. Nilipokuwa mdogo ukame ulitumalizia mifugo. Jamaa yetu alitukopesha ng'ombe wa maziwa. Mama yangu alikamua chuchu mbili tu. Mbili alimwachia ndama, hata siku tulizolala na njaa. Kwa nini? Kwa sababu ndama hakuwa wetu. Ukikamua zote nne, ndama anakufa, na mwenye ng'ombe akija utamwambia nini? Wewe Abdia ulikamua chuchu ya tatu na ya nne, tena kwa kujificha."

Kisha akamgeukia Baba.

"Na wewe, Kassim. Kila msimu tulimpelekea yule jamaa kibuyu cha samli. Hakikuwa malipo, kilikuwa heshima, naye alituachia ng'ombe kwa sababu ni damu yetu. Wewe ulidhani zile elfu mbili na mia nne ni kibuyu cha samli. Benki si shangazi yako, mwanangu."

Baba alifunika uso kwa kiganja. "Ni kweli, Mama. Niliona aibu kuuliza. Nilijifanya najua."

Siku ya mnada wa Garsen tulimpeleka Dima. Alinifuata mwenyewe, akidhani tunakwenda kwenye chumvi. Alinunuliwa na mkulima mpole aitwaye Josiah, aliyetaka ng'ombe wa maziwa kwa wanawe. Kabla hajaondoka naye, Bibi aliivua kamba iliyokuwa shingoni mwa Dima. Hakuwahi kumuuza ng'ombe pamoja na kamba yake. Alinipa, ikiwa bado na joto la shingo.

Kwa fedha za Dima na mbuzi watano tulilipa deni lote. Kadi Baba aliirudisha benki. Kamba tuliitundika ukutani, na chini yake Mama akaweka mkebe wa majani ya chai uliotobolewa kifuniko. Kila mshahara ulipoingia, Baba alitia fedha mkebeni kabla ya kununua chochote. "Chuchu za ndama," alisema. Mimi na Mama tuliuza maziwa hotelini, nasi tukatia zetu. Begi nilimpa Liban, maana kila nilipolivaa lilikuwa zito, hata likiwa tupu.

Miezi kumi na minne baadaye Baba alirudi na ndama jike mweusi mwenye baka jeupe. Hakufanana na Dima hata kidogo. Nilisimama mbali, sikujua kama nataka kumpenda. Bibi alikwenda ukutani, akaitungua kamba, akaipuliza vumbi, akanikabidhi.

"Mfunge," alisema. "Kukopa si dhambi, Abdia. Dhambi ni kusahau kwamba kitu ni cha watu, na kuficha ulichochukua. Huyu hatujamkopa, na hatukumficha mtu lolote ili tumpate. Mpe jina."

Nilipitisha kamba shingoni mwa ndama. Akageuka, akaulamba mkono wangu kutafuta chumvi. Miaka mingi imepita tangu siku hiyo. Wiki iliyopita, huku ninakofanya kazi, benki ilinitumia ujumbe kwamba nami ninastahili kadi. Kabla sijaujibu nilimpigia Baba simu, nikamsomea maandishi yote, hata yale madogo ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umebakiza chuchu ngapi za ndama?"