Maji ya Banda la Tatu

Kila siku Asio Emojong aliamka kabla ya majirani. Aliteka maji kisimani, akasaga wimbi, akapika uji, ndipo akashika njia ya kwenda shuleni, pale Malaba. Tangu mama yake ajifungue pacha mwezi uliopita, alifua pia nepi zao. Darasani alisinzia. Hakumwambia mtu.

Jumamosi ya ziara ya darasa la sita alifanya kazi zote kama kawaida, kisha akapanda lori pamoja na wenzake. Walikuwa wanakwenda ziwani, mbele ya Namboboto, ambako baraza la wilaya lilikuwa limejenga mabanda ya kupumzikia. Kila banda lilikuwa na meza ndefu na mafiga. Watu walikuja kwa vikundi, wakashinda hapo, na jioni wakarudi makwao.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Lori lilikwama, wakatembea karibu saa nzima kwenye matope. Asio na rafiki yake Safia walipewa mtungi wa maji yaliyochemshwa, wapokezane. Hayo ndiyo yalikuwa maji pekee ya kunywa. Zamu ya Asio ilipofika, Safia alitangulia na wengine. Shingo ilimuuma Asio kwa uzito wa mtungi kichwani. Aliona aibu kuomba msaada. Akautua mtungi, akamwaga nusu ya maji nyasini, akaendelea.

Walipofika, wenzake wakihangaika kupanga vyakula katika banda la tatu, Asio alishuka ufuoni akaujaza mtungi kwa maji ya ziwa. Kwa macho yalionekana safi.

Muda si mrefu Mzee Ojiambo, mtunzaji wa mabanda, aliwakusanya. Aliwaonyesha shimo la taka na mahali pa kuchezea, kisha akawakataza kunywa maji ya ziwa. Mto ulikuwa umefurika na kusomba vyoo hadi ziwani. Katika kijiji cha jirani watu wawili walikuwa wamekufa kwa kuhara na kutapika.

Asio alikirudisha mezani kiazi alichokuwa akila. Alijiambia kwamba maji kidogo hayamdhuru mtu. Kisha akamwona Safia, wa kwanza kwenye foleni ya maji, akiinua kikombe.

"Safia, usinywe," alisema. "Nimetia maji ya ziwa humo."

Safia alikishusha kikombe. Mwalimu Zilpa, mwalimu wao wa darasa, aliuliza kama kuna aliyekwisha kunywa. Hakuna. Akamwaga maji yote.

Mpira uliopangwa haukuchezwa siku hiyo. Walitafuta kuni, nazo zilikuwa mbichi, wakachemsha maji ya ziwa sufuria baada ya sufuria huku koo zimewakauka. Egwang, nahodha wa timu, alikataa hata kumtazama Asio. Asio alichochea moto peke yake, macho yakimtoka machozi, mpaka Safia alipokuja kuchuchumaa kando yake.

"Ungeniita tu," Safia alisema. "Ningerudi."

Baadaye Mwalimu Zilpa alimwuliza kwa upole sababu ya kufanya vile, na Asio akamweleza yote, tangu kisima hadi nepi. Mwalimu akakiri kwamba alikuwa amemwona akisinzia darasani akadhani ni uvivu.

Jua lilipokuwa likishuka walikunywa maji ya vuguvugu, yenye harufu ya moshi, kisha wakarudi kwa miguu hadi kwenye lori, lililokuwa limekwamuliwa, wamechoka hata hawakuimba. Hakuna aliyeugua.

Jumatatu Mwalimu Zilpa alifika kwa akina Asio akazungumza na wazazi wake. Baba yake hakujua kwamba mtoto alikuwa amelemewa kiasi hicho. Waliafikiana kwamba shangazi yake aje kusaidia mpaka mama apate nguvu.

Asio alimsindikiza mwalimu hadi barabarani. Hapo mwalimu alisimama.

"Kuchoka si dhambi, mwanangu," alisema. "Lakini mzigo ukikulemea, sema ungali kichwani. Ukiutua kwa siri, mwenzako ataubeba bila kujua, na huenda ukamuua."