Cherehani Iliyofunika Vilio

Wenye nyumba na wapangaji, wazee na vijana, sogeeni kidogo. Kisa hiki hakikutokea mbali. Kilitokea uchochoro wa pili ukishapita kwa kinyozi, kwenye nyumba yenye mlango wa chuma, na sitashangaa mwenye kisa kama hiki akiwa amekaa hapa hapa kati yetu.

Asubuhi ile nyumba ilikuwa shwari. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alikuwa ameketi sebuleni kwenye cherehani yake ya kukanyaga, akipinda kingo za skafu za zambarau. Mjukuu wake wa miaka saba alikuwa chini sakafuni akikata nyuzi zilizoning'inia. Mkwe wake alikuwa mezani, akizipiga pasi na kuzikunja kumi kumi. Skafu mia mbili zilitakiwa kesho yake uwanjani, kwa ajili ya Siku ya Kupinga Ukatili Majumbani. Mkwe alikuwa akiimba chinichini, na mtoto akimfuatisha pale alipoyajua maneno.

Mtaani mama huyu tulimwita Mama Maadhimisho. Hakuna siku kwenye kalenda iliyompita. Siku ya kunawa mikono alinawa mbele ya kamera mpaka mikono ikakunjamana. Siku ya kupanda miti alipanda mti, na watani wakasema kila mwaka anaupanda kwenye shimo lile lile, kwa kuwa wa mwaka uliopita huwa umeshakauka kwa kukosa maji. Kabatini alikuwa na fulana za siku ya macho, siku ya wazee, siku ya usafi, zote zimekunjwa vizuri. Naye alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mtu wa heshima zake. Tulimcheka kidogo, lakini tulimpenda.

Mwanawe alikuwa mmoja tu, fundi wa kuchomelea vyuma. Baba yake alifariki yeye angali mchanga, na mama akamlea kwa sindano na uzi, akimlinda kama yai. Nondo za madirisha alizitengeneza yeye, na ule mlango wa chuma pia. Kazi yake ilikuwa safi. Tatizo lilikuwa mikono ile ile ikishaingia ndani.

Basi asubuhi hiyo alitoka chumbani kifua wazi.

"Shati langu liko wapi?"

"Lipo kwenye kamba, baba. Nilikuwa namalizia hizi za Mama, nalipiga pasi sasa hivi," mkewe akajibu.

Mume alimpiga kofi, na kichwa cha mwanamke kikajigonga kwenye fremu ya mlango. Alipoteleza kwenda chini, alimfuata kwa teke la ubavu, kisha akamshika nywele na kumburuta hadi chumbani. Pazia likashuka nyuma yao.

Na Mama Maadhimisho alifanya nini? Alianza kukanyaga. Aliweka skafu chini ya sindano, akakanyaga kwa nguvu zake zote, na cherehani ile kuukuu ikaunguruma mpaka vikombe vikatikisika mezani. Kule chumbani mtu alikuwa akilia. Uchochoroni watu walisikia cherehani tu.

Niwaeleze ilivyoanza. Mwaka wa kwanza wa ndoa ile, siku moja kinyozi alimuuliza, "Mama, jana kwenu kulikuwa na nini? Tulisikia mtu analia." Aliona haya sana. Mwenyekiti mzima, nyumbani kwake kuna kilio. Mara iliyofuata kilio kilipoanza, alikimbilia cherehani. Kinyozi hakuuliza tena. Ikawa ndio desturi ya nyumba: mkono ukiinuka, mguu unakanyaga. Miaka minane. Na sisi majirani tulimsifu, tukisema mama huyu hachoki kazi. Usidhani alifurahia. Wakati mwingine alikanyaga huku machozi yakidondokea kitambaa. Lakini aliamini anaistiri nyumba yake, na alijitia hamnazo kwa kila kilichobaki.

Mwanawe alipoondoka kwenda karakana, alimkanda mkwe wake kwa maji ya chumvi. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba na kufumba.

"Mama, mzungumzie. Wewe anakusikiliza," mkwe alisema.

"Nitamzungumzia. Acha siku hii ipite kwanza, mwanangu. Kesho nina hotuba."

"Safari hii ameniambia ataniua."

"Hayo maneno ya hasira. Mwanamume akikasirika husema lolote." Akakamua kitambaa kwenye beseni. "Kesho baki nyumbani, upumzike. Ukienda na uso huu watu watauliza maswali."

Mkwe alimtazama kwa lile jicho moja lililobaki wazi. Kisha akainuka, akaenda kumalizia kupiga pasi skafu.

Kesho yake uwanja wa shule ulifurika. Mama Maadhimisho alipanda jukwaani na skafu yake shingoni, akasema maneno mazuri kweli. Alisema ukimya ni mshirika wa mpigaji. Watu walipiga makofi, nami nilikuwa miongoni mwao. Mgeni rasmi alichelewa, na alipofika alikuja na msafara mkubwa, skafu zikapungua. Mama akakumbuka furushi la skafu ishirini alilolisahau juu ya kabati, akasema atalifuata mwenyewe, si mbali.

Alipofika kwa kinyozi, aliisikia cherehani yake.

"Kumbe umeajiri fundi, Mama?" kinyozi alimtania, mashine ya kunyolea ikiwa kichwani kwa mteja. "Imeanza kuunguruma muda si mrefu. Ila mwenzio bado hajaijulia."

Nyumbani Mama alikuwa ameacha watu wawili tu, mkwe na mjukuu. Mkwe hakujua kuitumia cherehani. Alianza kukimbia, na tangu nimjue sikuwahi kumwona akikimbia.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Aliugonga, akaita, kisha akazunguka dirishani na kushika nondo.

Mjukuu alikuwa kwenye cherehani. Akikaa miguu yake haikufika chini, kwa hiyo alisimama juu ya kikanyagio chenyewe kwa miguu yote miwili, akikikanyaga mbele na nyuma, huku akiegemea meza. Sindano haikuwa na uzi. Ilikuwa imepita kwenye kidole chake cha shahada, zaidi ya mara moja, na skafu iliyokuwa chini yake ilikuwa imelowa damu. Mtoto hakuwa akilia. Alikuwa ameuma midomo na kuendelea kukanyaga.

"Bibi," alisema alipomwona. "Nimekufunikia."

Nyuma ya pazia kulikuwa na kishindo, kisha sauti ya mtu anayekosa pumzi, kisha kishindo kingine.

"Fungua mlango, mjukuu wangu."

"Ufunguo anao Baba."

"Basi acha hiyo. Shuka."

"Watu watasikia."

"Waache wasikie," alisema bibi. "Shuka, nakuambia."

Mtoto alishuka. Cherehani ikasimama, na kwa mara ya kwanza kwa miaka minane mtaa mzima ulisikia kilichokuwa kikitendeka ndani ya nyumba ile. Mwanamke alikuwa akiomba asiuawe. Aliomba kwa sauti iliyokwisha kukauka. Mama Maadhimisho alishika nondo na kupiga yowe, akaita majirani, akamwita kinyozi kwa jina.

Kinyozi alifika na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa. Vijana wa gereji walikuja na mtaimbo, nami nikawahi kutoka uwanjani niliposikia yowe. Waliupiga mlango, wakaubana, wakaupiga tena. Ulikuwa umechomelewa vizuri mno. Tulisimama pale tukisikia kila pigo la ndani, na hatukuweza kufanya kitu. Sitausahau muda ule.

Bawaba zilipong'oka, mama alikuwa wa kwanza kuingia. Mwanawe alikuwa amepiga magoti juu ya kifua cha mkewe, mkononi ana pasi ya umeme, waya wake umezungushwa kwenye shingo ya mwanamke. Uso haukuwa uso tena. Mama alimrukia mwanawe mgongoni.

"Toka, Mama. Haya hayakuhusu."

"Yananihusu. Mwachie."

Aliurusha nyuma mkono wenye pasi bila kutazama, ikampata mama mkononi, na wote tuliokuwa mlangoni tuliusikia mfupa ukivunjika. Mama hakuachia. Alimng'ang'ania kwa mkono uliobaki mpaka vijana wakamfikia. Wakamkokota mwanawe nje, na huko walimpiga kwa mateke, kwa mtaimbo, kwa chochote kilichokuwa karibu. Mmoja akaita mafuta ya taa yaletwe. Mama alitambaa katikati yao na mkono ukining'inia, akajilaza juu ya mwanawe.

"Msimuue," alisema. "Mpelekeni kituoni. Nitakwenda kusema mwenyewe, yote."

Mkwe aliishi. Jicho la kushoto halikupona. Mama alipokwenda kumwona hospitali, mkono wake ukiwa kwenye plasta, alisimama kando ya kitanda.

"Nilikuosha majeraha yako," alisema. "Kila mara nilikuosha."

"Uliniosha, Mama," mkwe alijibu. "Lakini cherehani ilipokuwa ikianza, nilikuwa najua hakuna atakayekuja."

Aliporuhusiwa, kaka yake alimchukua yeye na mtoto, na hajarudi tena mtaani kwetu.

Mahakamani hakimu alimuuliza mama alikuwa wapi wakati mkwe wake akipigwa miaka yote hiyo. Alisema alikuwa hatua sita kutoka kwenye pazia, akishona. Alitaja siku alizozikumbuka na shati, sahani au neno lililosababisha kila kipigo. Mwanawe alimtazama kutoka kizimbani, kijana wa watu, mwenye macho ya mamake.

"Mama, hata wewe?" aliuliza.

"Mimi ndiye niliyekufunza kwamba hutasikika," alijibu. "Kama ningeacha kukanyaga siku ile ya kwanza, leo ungekuwa nyumbani na mwanao."

Mwanawe alifungwa miaka mingi. Mama aliteremka ngazi za mahakama peke yake, na hakuna aliyempungia mkono.

FUNZO

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hili tunalijua tangu utotoni, lakini tunalisahau maradhi yakiwa ya nyumbani kwetu.

Ndugu zangu, sisemi siku za maadhimisho ni mbaya. Skafu ni nzuri, na hotuba ya mama yule ilikuwa ya kweli, neno kwa neno. Ubaya ni kuyasema mema uwanjani siku moja, kisha ukapanga kuyatenda sherehe ikishapita. Aliyeambiwa atauawa hana muda wa kungoja ratiba yako. Na wewe mzazi, ukimfichia mwanao ukatili wake, humlindi, unampalilia. Watoto waliokaa chini sakafuni wanakutazama, na watakusaidia kazi hiyo kabla hujawaomba.

Nami sijitoi. Kabla ya cherehani kuanza, katika mwaka ule wa kwanza, vilio vile nilivisikia. Nilinyanyua redio yangu nikahamia nayo chumba cha nyuma, nisivisikie. Nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Nimeangalia kalenda kabla ya kuja kusema nanyi. Leo si siku ya kitu chochote. Hakuna skafu, hakuna mgeni rasmi. Basi ukitoka hapa, ile nyumba unayoifikiria sasa hivi, nenda ukaipigie hodi.