Maembe Yaliyolala na Samaki

Bwana Barafu aliuza samaki. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu kila samaki aliyemtoa kwenye friza alikuwa mgumu kama tofali. Kibandani alikuwa na friza mbili: kubwa ya samaki, na ndogo ya kutengenezea barafu. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, na mbishi kidogo. Mkewe, fundi cherehani, alisema neno "kidogo" liondolewe.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia vitambaa, na kitanda cha mama yake Bwana Barafu. Mtaa mzima ulimwita Bibi. Kitanda kiliwekwa pale makusudi, ili Bibi awaone wateja wakiingia na kutoka, apate watu wa kuwatania.

Lakini Bibi alikuwa hatanii tena. Alikuwa ameugua homa ya mapafu. Alipona, ila hamu ya kula haikurudi. Uji alikunywa vijiko viwili. Wali aliutazama tu. Alikonda mpaka pete yake ikawa inachomoka kidoleni kila aliponawa mikono.

Nesi wa zahanati alimpima. Mizani ilionyesha kilo thelathini na nane.

"Mama anazidi kupungua," Nesi alimwambia Bwana Barafu. "Hakuna kitu anachokipenda?"

"Embe," alijibu. "Embe tu. Akipata embe, hata uji unapita."

"Basi mpeni embe, lakini lisiwe peke yake. Changanyeni na uji wa maziwa na karanga za kusaga. Embe litamfungulia hamu, hivyo vingine vitamwongezea kilo. Mrudisheni baada ya miezi miwili. Akiwa amepungua tena, itabidi alazwe."

Bwana Barafu aliogopa. Hakumwambia mtu, lakini aliogopa sana. Msimu wa maembe ulikuwa ukingoni. Baada ya wiki mbili tatu, sokoni usingepata embe hata la dawa.

Akanunua makapu mawili.

"Utayaweka wapi yote haya?" mkewe aliuliza. "Yataoza."

"Machache yatabaki hapa. Mengine naenda kuyagandisha."

"Unajua kugandisha maembe?"

"Mke wangu, nimegandisha samaki miaka kumi na mitano. Embe litanishinda nini? Embe halina hata miba."

Akayagandisha kama samaki. Hakuyaosha wala kuyamenya. Aliyatia mazima kwenye mfuko mkubwa wa plastiki, akaushindilia chini kabisa ya friza kubwa, akapanga samaki juu yake. Akafunga kifuniko, akaenda zake kuhudumia wateja.

Baada ya siku kumi, maembe ya nyumbani yaliisha. Bwana Barafu akaleta sita kutoka kibandani, kifua mbele. Akayatumbukiza kwenye beseni la maji, akaliweka juani, kama anavyofanya mteja wa samaki akiwa na haraka.

Mpaka mchana maganda yalikuwa yamegeuka meusi. Mkewe alipokata embe la kwanza, maji yalimwagika mezani na nyama ya tunda ikalegea kwenye sahani. Alifuta maji yale kwa kitambaa. Kilichobaki akampelekea Bibi.

Bibi alionja. Kisha akarudisha kijiko kwenye sahani.

"Mwanangu, embe hili lilikuwa linaishi na nani?"

"Na samaki, mama."

"Nimewatambua."

Ulikuwa utani wa kwanza tangu augue, lakini hakuna aliyecheka, kwa sababu Bibi aligeukia ukutani na kuukataa hata uji. Siku hiyo hakula kitu. Kesho yake alikunywa chai tu.

"Tunda la barafu ni tunda lililokufa," alisema. "Halina ladha, halina nguvu. Msinisumbue."

Bwana Barafu alikaa kwenye kiti cha wateja wa mkewe, mikono kichwani. Alijiona amemnyang'anya mama yake chakula cha mwisho alichokipenda.

Jumamosi Mama Pacha alipiga hodi. Alikuja kuchukua sare yake iliyoshonwa upya. Alikuwa jirani yao, na huo ulikuwa mwaka wa nane akifanya kazi katika kiwanda kinachogandisha matunda, kwenye chumba cha kukatia. Alimwamkia Bibi, akaona juu ya meza sahani yenye embe lingine lililoyeyushwa.

"Hiki nini, shoga?"

"Embe," fundi cherehani alisema. "Shemeji yako ndiye aliyeligandisha."

Mama Pacha alinusa. Akamtazama Bwana Barafu.

"Shemeji, umeliua hili."

"Si mimi, ni baridi," Bwana Barafu alijitetea. "Kumbe tunda likigandishwa linaharibika. Vitamini zote kwisha."

"Nani kakwambia? Sisi kiwandani tungekuwa tunafanya kazi gani basi? Tunafunga maganda?" Mama Pacha alivuta kiti. "Sikiliza. Baridi haiondoi lishe yote. Vitamini A ya embe inabaki karibu yote. Nyuzinyuzi zinabaki, sukari inabaki. Vitamini C hupungua kiasi, hasa tunda likikaa friza miezi mingi, lakini nyingi inabaki. Hata embe la sokoni lisilogandishwa, likikaa kwenye meza wiki nzima, nalo linapoteza. Mliyayeyusha vipi?"

"Kwenye maji, juani."

"Na maji yaliyotoka kwenye embe?"

Fundi cherehani aliinua kile kitambaa chake. Kilikuwa bado na doa la njano.

"Basi umefuta vitamini, shoga. Maji yale si ya kumwaga. Ndiyo juisi yake."

"Sawa," alisema Bwana Barafu, "lakini mbona limelegea hivi? Samaki wangu halegei."

"Embe lina maji mengi. Ndani yake kuna vijumba vidogo sana, huvioni kwa macho, na vyote vimejaa maji. Maji yakiganda polepole, barafu inakuwa kubwa, inapasua kuta za vijumba. Ukiyeyusha, maji yanatoka, tunda linalala. Embe zima, chini ya samaki, linaganda polepole mno. Likate vipande vidogo, lipate baridi kali, litaganda haraka. Barafu itakuwa ndogo, na kuta chache zitapasuka."

"Kwa hiyo litabaki imara kama la sokoni?"

"Hapana, sikudanganyi. Litalainika kidogo tu, na kwenye uji huwezi kujua. Ladha ndiyo haibadiliki sana, mradi tunda liwe limeiva, na lifungwe vizuri lisinuse jirani zake."

"Jirani zake tumewatambua," Bibi alisema kutoka kitandani, bila kugeuka.

Safari hii Mama Pacha alicheka, na wote wakacheka naye.

Jioni ile ile Bwana Barafu alikwenda sokoni. Alizunguka meza zote na kupata kreti moja, la mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo mkewe hakulitegemea. Aliizima friza ndogo ya barafu, akaiosha kwa sabuni mara mbili na kwa maji ya limau mara moja, akaileta nyumbani juu ya mkokoteni. Kibandani angenunua barafu kutoka kwa watu wengine.

"Watu watakucheka," mkewe alisema. "Bwana Barafu ananunua barafu."

"Wacheke. Mama ale."

Jumapili asubuhi Mama Pacha alisimamia kazi. Waliosha mikono, visu na maembe, kwa sababu baridi haiui vijidudu vyote. Vingine hulala tu, vikipata joto vinaamka. Walichagua yaliyoiva sawasawa. Yenye mabaka laini waliyaweka pembeni yaliwe siku hiyo. Walimenya, wakakata vipande vidogo, wakanyunyizia limau kidogo ili rangi isififie.

Bwana Barafu alitaka kumimina vipande vyote kwenye mfuko mmoja. Mama Pacha alimshika mkono.

"Vitashikana. Utaishia kuvunja embe kwa nyundo. Vitandaze kwanza kwenye trei, kimoja kimoja. Vikishakuwa vigumu, ndipo uvitie kwenye mifuko midogo. Mfuko mmoja, mlo mmoja. Toa hewa, funga, andika tarehe. Na ukishayeyusha, usirudishe kwenye friza."

"Umeme ukikatika?"

"Usifungue kifuniko. Friza ikijaa, inatunza baridi yake muda mrefu."

Fundi cherehani aliandika tarehe kwa chaki ya kuchorea vitambaa. Ikafutika. Akatafuta kalamu ya wino.

Kesho yake ilibaki kazi ngumu kuliko zote, nayo ilikuwa Bibi. Walitoa mfuko mmoja, wakauacha kwenye friji ya jikoni uyeyuke polepole ndani ya bakuli. Kabla ya kumpa, waliacha bakuli mezani kidogo, kwa sababu kitu cha baridi sana ulimi hauonji utamu wake. Kisha wakamimina embe pamoja na maji yake kwenye uji wa maziwa na karanga. Juu wakaweka vipande vitatu.

"Ni la barafu?" Bibi aliuliza.

Bwana Barafu angeweza kudanganya. "Ndiyo, mama. Lakini halijakutana na samaki."

Bibi alichukua kijiko. Alitafuna muda mrefu kuliko uji unavyostahili.

"Laini kidogo," alisema.

"Ndivyo lilivyo."

"Ladha ipo."

Alikula vijiko vinne. Akapumzika. Akala vingine vitano, kisha akakwangua bakuli. Bwana Barafu alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba, akalia. Mkewe alimwona dirishani, akamwacha.

Kila asubuhi mfuko mmoja ulitoka. Polepole Bibi akaanza kuomba wali. Akaanza tena kuwatania wateja, hasa waliokuja kupanua nguo zao. Pete ikakaa kidoleni.

Miezi miwili ilipotimia, Bwana Barafu alimpeleka zahanati. Sokoni maembe yalikuwa yameisha kabisa. Bibi alipanda kwenye mizani mwenyewe, bila kushikwa. Nesi alisoma, akainama akasoma tena. Kilo arobaini na mbili.

"Bibi, umekula nini?"

"Uji wa maziwa, na karanga, na embe. Embe kila siku."

"Embe?" Nesi alimtazama Bwana Barafu. "Msimu si umeisha?"

Bibi alishuka kwenye mizani, akavaa viatu vyake taratibu, kimoja kimoja.

"Kwenu umeisha," alisema. "Kwa mwanangu bado."