Kahawa ya Chumvi kwa Haji Bekir

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na afadhali niseme mwenyewe kabla mama yangu hajawasimulia kwa namna yake.

Tulikuwa tumekaa sebuleni kwa Haji Bekir, Sincan, upande wa magharibi wa Ankara, soksi mpya miguuni, maua na boksi la chokoleti mezani. Tumekuja kuposa. Binti mwenyewe, Ruveyda, yuko jikoni anachemsha kahawa. Baba yangu, Mwalimu Nihat, aliyefundisha historia mpaka akastaafu, ameshasafisha koo. Kila mtu anajua kinachofuata. Baba wa kijana husema: "Kwa amri ya Mungu na kauli ya Mtume, tumekuja kumwomba binti yenu." Maneno hayo kwetu huyasema hata asiyejua kibla ni upande gani.

Baba akanyoosha tai.

"Haji, kwa mujibu wa sheria ya ndoa ya Jamhuri ya Uturuki, tumekuja kumwomba binti yenu."

Haji Bekir akaacha kuzungusha tasbihi.

"Mwalimu," akasema polepole, "umekuja kuposa au umekuja kunishtaki?"

Mama yangu, Nermin, akaziba mdomo kwa leso. Alikuwa anacheka, namjua. Mimi jasho lilikuwa limeshafika kwenye soksi mpya.

"Haji, mimi ni mtu wa kutenganisha dini na dola," baba akasema.

"Sawa. Lakini hapa si dola, Mwalimu. Hapa ni kwangu."

"Jamani, onjeni utamu, chukueni baklava," akadakia Mama Saadet, mkewe Haji. Hakuna aliyechukua.

"Ninyi watu wa dola mlitufanya nini?" Haji akaendelea. "Mlipopiga marufuku kitambaa cha kichwa vyuoni, binti yangu alisomea ufamasia akiwa amevaa wigi juu yake, kama mwigizaji, ili mlinzi wa geti amruhusu apite. Leo ndio mnakumbuka kuja na maua?"

"Lile lilikuwa kosa," baba akasema, na nilishangaa, maana nyumbani hajawahi kulikiri. "Lakini leo je? Mwezi wa Ramadhani mwalimu mwenzangu anakula mkate chooni, amejifungia, asije akasemwa. Hilo nalo mnaliitaje?"

"Tumeshinda uchaguzi, Mwalimu. Wengi wakisema, wamesema. Demokrasia si ndiyo hiyo mliyotufundisha?"

"Wengi wanaweza kunichagulia meya, Haji. Hawawezi kunichagulia chakula cha mchana."

Hapo baba angenyamaza, mambo yangepoa. Wazee wa Ankara hugombana hivyo kila siku, halafu wanaagiza chai. Lakini baba akanigeukia, akanipiga begani kwa furaha, akasema neno lililonimaliza.

"Isitoshe hatuna haja ya kugombana. Turgay ameshaniambia. Kitambaa ni shinikizo la nyumbani tu. Wakioana, binti atakivua."

Jikoni kijiko kilianguka.

Ni kweli nilimwambia hivyo. Baba alikuwa amekataa kukanyaga Sincan, mtaa wa washika dini, nikatafuta njia ya mkato. Na kwa kuwa uongo mmoja huona upweke, Haji naye nilishamwambia kwamba baba yangu hakosi swala ya Ijumaa katika msikiti mkubwa wa mjini.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ruveyda.

"Umesema nitakivua?"

Nikaandika chini ya meza: "Naomba nieleze."

"Utaeleza ukishakunywa."

Akaingia na sinia. Kitambaa cha samawati, uso mtulivu, na utulivu ule ndio ulionitisha. Aligawa vikombe kwa heshima, wazee kwanza, mimi mwisho. Kahawa ya mposaji hutiwa chumvi, nawe unakunywa bila kukunja uso, ndiyo mtihani wenyewe. Nikapiga funda. Chumvi ilikuwemo, hiyo ni desturi. Pilipili ilikuwemo, hiyo ni hasira. Siki sijui ilifuata nini. Nikamaliza kikombe chote, machozi yakinitiririka hadi kidevuni.

"Imekuwaje, mwanangu?" Mama Saadet akaniuliza.

"Imekolea, mama."

Ruveyda hakukaa.

"Turgay, ulimwambia baba yako maneno yale?"

"Nilimwambia."

"Na baba yangu ulimwambia nini?"

Nikatazama zulia. "Kwamba baba hakosi Ijumaa."

"Nani? Mimi?" baba akashtuka.

"Kumbe," akasema Haji Bekir. "Nami tangu anionyeshe picha yako, kila Ijumaa nakutafuta kwa macho msikiti ule wa mjini, Mwalimu. Nikadhani labda ni mnyenyekevu, unakaa safu ya nyuma."

Mama yangu alishindwa kujizuia, akacheka mpaka leso ikaanguka. Ruveyda hakucheka.

"Unakumbuka tulivyokutana?" akaniuliza.

Nitasahau vipi? Uchaguzi wa meya, darasani, shule moja ya Etimesgut, tumesimama pande mbili za sanduku moja. Yeye wakala wa chama chake, mimi wakala wa changu, tumenuniana tangu asubuhi. Kwetu kura hupigwa kwa muhuri, na wakati wa kuhesabu ikatoka moja ambayo muhuri wake umechafuka wino. Wenzangu wakapiga kelele: imeharibika, itupwe. Nikaiinua kwenye taa, nikaona muhuri umekaa ndani ya duara la chama chake, wazi kabisa. Nikasema ni halali, ihesabiwe. Wenzangu waliniita msaliti. Yeye alinimiminia chai ya chupa yake.

"Siku ile," Ruveyda akasema, "uligombana na watu wako kwa ajili ya kura ya mtu usiyemjua. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama, nimemwona mwanamume. Leo kura ni yangu, nawe umeigawa kwenye nyumba mbili bila hata kuniuliza."

Nikaiokota leso ya mama, nikajifuta machozi ya siki.

"Unaona?" Haji akadakia. "Wanataka kumvua binti yangu. Kitambaa hiki ni heshima ya nyumba hii, na akikivua—"

"Baba," Ruveyda akamgeukia. "Lile wigi alininunulia nani?"

Haji akashika tasbihi, akaiachia.

"Ulininunulia wewe. Nilipoanza kujifunika nikiwa shule, mama alilia, na wewe uliniomba nikivue mpaka nipate shahada. Nilikataa. Ukaenda madukani Kizilay ukarudi na wigi kwenye mfuko wa nailoni, ukasema, basi tukutane katikati. Heshima ya nyumba siku ile ilikuwa wapi?"

"Niliogopa usije ukakosa masomo, binti yangu," Haji akasema kwa sauti ndogo.

"Najua, baba. Na Turgay ameogopa asije akanikosa. Wote mnaniogopea, na kila mkiogopa mnashika kichwa changu."

Baba yangu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa na uso wa mwalimu aliyesahihishwa na mwanafunzi mbele ya darasa.

Nikasimama.

"Ruveyda, nimekosa. Nilikusemea. Sasa sikuombi kwa baba yako, wala baba yangu hakuombi kwa niaba yangu. Nakuuliza wewe mwenyewe, hivyo ulivyo na hivyo utakavyokuwa: utanikubali?"

"Kijana, desturi haiko hivyo," Haji akafoka. "Posa inajibiwa na wazee."

"Hapo nakubaliana na Haji," baba akasema. "Kuna utaratibu."

Wakatazamana, wameshtuka. Jioni nzima hawajakubaliana hata juu ya mvua kama inanyesha nje, na walipokubaliana, ni juu ya kuninyamazisha mimi.

"Nihat, na wewe utaratibu umeanza kuupenda lini?" mama akauliza. "Mimi ulinitorosha kwa pikipiki."

"Nermin, si mbele za watu."

Haji Bekir akacheka bila kutaka. Akanyoosha mkono, hatimaye akachukua baklava.

"Sawa, Mwalimu. Mnasema mnapenda demokrasia, nasi tunasema tunaipenda zaidi. Tuko wazee wanne humu. Tupige kura juu ya binti huyu: kitambaa kibaki au kitoke, na huyu kijana mwongo aingie au atoke."

"Na tukigawana sawa kwa sawa?" baba akauliza, tayari ameinua kidole.

Ruveyda akakiondoa kikombe changu kitupu mezani, akakiweka juu ya sinia, akamtazama baba yake, akamtazama na wangu.

"Shusheni mikono, wazee wangu. Kichwa hiki kina mpiga kura mmoja tu, na ameshapiga: kitambaa kinabaki, Turgay anabaki, na atakayepinga matokeo, jikoni siki bado ipo."