Unyayo Ulioelekea Ndani

Asubuhi hiyo palikuwa na unyayo kwenye majivu ya mekoni, nao ulielekea ndani.

Watu wa Kisiwa cha Man walikuwa wameacha mengi walipohamia Ohio, lakini mkesha wa Hollantide, sikukuu ya kuikaribisha baridi, hapakuwa na mwanamke aliyelala kabla ya kuyasawazisha majivu. Asubuhi huangaliwa. Unyayo ukielekea mlangoni, mtu atatoka amebebwa. Ukielekea ndani, mtoto atazaliwa. Basi Finlo Cowle alicheka mpaka akakohoa, akamwambia mkewe aanze kushona nguo za mtoto, akaenda kuwatangazia majirani. Wakamtania kwamba hata huku ng'ambo Wenyewe wamemfuata kumhesabia watoto. Wenyewe ni wale viumbe wasioonekana ambao jina lao halitajwi.

Ealish, mkewe, hakucheka. Unyayo haukuwa na kidole cha mwisho. Kidole hicho kilikatwa na jembe wakati wa kuchimba mboji, udongo unaochomwa kama kuni huko kisiwani, na aliyelifunga lile jeraha kitambaa ni yeye, akiwa bado msichana. Ulikuwa mguu wa mama yake.

Alimwacha kisiwani, kipofu, peke yake. Hakumuaga. Alimwashia moto, akamwambia anakwenda sokoni Ramsey na atarudi jioni, kisha akashika njia ya bandarini. Kwa mumewe alisema kwamba bibi atakaa kwa binamu. Binamu mwenyewe hakuwepo. Ealish aliogopa kumwona mama akilia, na aliogopa zaidi Finlo asije akasema basi, tusiende. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Ealish ilivuka bahari nzima kabla ya kufika mwisho.

Siku ileile ya unyayo nyumba ikaanza kunuka moshi wa mboji, ingawa mekoni waliwasha mwaloni mtupu. Ealish alifungua madirisha, akasugua sakafu, akachoma majani makavu. La kuvunda halina ubani. Jioni ikasikika fimbo nje, ikigonga ukuta polepole, tak, tak, kama ya mtu anayepapasa kutafuta mlango. Kesho yake Moirrey, binti yao mdogo, akamwaga maziwa, akajigonga kwenye meza, akakosa kijiko kilichokuwa mbele yake, na ilipofika adhuhuri, jua limejaa chumba kizima, akanyoosha mikono akaupapasa uso wa mama yake, pua, midomo, kidevu, vilevile kabisa kama yule kipofu alivyokuwa akiupapasa zamani.

"Mama, mbona giza?" akauliza. "Bibi anasema imeshakuwa jioni."

"Bibi gani?"

"Anayekungoja. Anauliza mbona soko la leo limekuwa refu hivi."

Finlo alimwita Mzee Skillicorn, mganga wa mitishamba aliyekuwa akisimamisha damu kwa maneno tu. Mzee alinusa kizingiti, akakataa kuketi.

"Huyu si wa Wenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni wa kwenu. Nani alimwahidi kurudi?"

Ealish akasema yote, macho yake sakafuni. Aibu ilimchoma kuliko hofu.

"Uliniambia yuko kwa binamu," Finlo alisema.

"Hakuna binamu."

Finlo alimpakata mtoto akampa mkewe mgongo.

Mganga akaeleza kwamba mama huyo amekufa akiwa bado anangoja, na sasa anakuja mwenyewe, ila anahitaji macho ya kuonea njia. Jioni akifika, Ealish amwambie ukweli, kisha amfukuze. Akifukuzwa atayaachia macho ya mtoto. Akikaribishwa, atachukua ya yule aliyemkaribisha.

"Nikimfukuza atakwenda wapi?"

"Hana pa kwenda," mzee alijibu. "Ndiyo maana ya kufukuzwa."

Jua lilipozama fimbo ikaanza tena, tak, tak, kutoka upande wa zizi, ikapita dirishani, ikasita, ikarudi, na moshi wa mboji ukawa mzito hata mtoto akakohoa mikononi mwa baba yake, na Ealish akasimama kizingitini na kufungua mlango, akaona ua mtupu na giza linaloingia, na bado akahisi vidole baridi vikimpapasa, pua, midomo, kidevu.

"Mama," alinong'ona, "sikwenda sokoni. Nilikutupa. Nilijua sirudi."

Vidole vikatulia shavuni mwake. Havikumuumiza. Vilikuwa vikimfuta machozi.

"Sasa," mganga alinong'ona nyuma yake. "Mwambie aende."

Ealish akafungua kinywa. Mara ya kwanza alimtupa kwa uongo, na uongo ulikuwa rahisi. Neno hili halikutoka.

"Ingia, mama," alisema. "Keti karibu na moto."

Asubuhi Moirrey alikuwa uani akifukuza kuku, akiwaita kwa rangi zao, huyu mwekundu, huyu wa madoa, na Finlo akalia kwa furaha akimtazama. Tangu jana hakuwa amesema na mkewe. Sasa moyo ukamlainika, akaingia ndani kumwita aje aone. Mlango ulikuwa wazi, na jua lilimpiga Ealish usoni pale alipoketi mekoni.

"Finlo," aliuliza taratibu aliposikia hatua zake, "bado hakujakucha?"