Kitanda Kipya cha Dani

Kila jioni Adero alipotoka shuleni na kumaliza kuteka maji kwenye bomba la ploti walimopanga, aliweka daftari juu ya stuli na kuanza hesabu. Na kila jioni, kabla kalamu haijagusa karatasi, sauti ilivuka ua kumwita.

Ilikuwa sauti ya Dani, nyanya yake mzaa baba, aliyeletwa mjini, mtaa wa Manyatta, kutoka kijijini Nyakach baada ya nyumba yake kuangushwa na mvua. Kwa kuwa kwa mila yao mama halali chini ya paa moja na mwanawe aliyeoa, baba yake Adero, Bwana Obiero, alimkodishia chumba ng'ambo ya ua. Alimnunulia kitanda kipya, godoro, chandarua na redio ya betri. Kisha akawaonya Adero na mdogo wake Aoko wasimsumbue. Dani alikuwa amefanya kazi maisha yake yote. Sasa aachwe apumzike.

Ambaye hakupumzika ni Adero. Aliitwa apandishe utambi wa taa, akarudi, akaketi, akaitwa auteremshe. Chai ilikuwa na sukari nyingi mno. Ilipopunguzwa, Dani akauliza ni nani aliyempa maji ya kuoshea vikombe. Redio ilipiga kelele, na ilipozimwa chumba kikawa kimya kupita kiasi. Siku moja aliitwa kumfukuza mjusi. Alitazama chini ya kitanda, nyuma ya mlango, hadi ndani ya viatu, na mjusi hakuwapo. Ndipo Dani akamwuliza, kama vile hilo ndilo alilomwitia, iwapo shuleni walikuwa wamekunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali.

"Tulikunywa, Dani," Adero akajibu, mguu mmoja tayari uko nje.

Kwa mama yake, Milka, alilalamika hadi akachoka. Dani akipewa anachotaka, hakitaki tena. Mama alimwambia ashushe sauti kwa sababu ukuta ni wa mabati.

Jioni moja, mtihani ukiwa kesho yake, aliitwa kufunga dirisha lililokuwa limefungwa. Uvumilivu ukamwisha.

"Dani, kama hakuna unachotaka, usiniite."

Dani alimtazama kidogo. "Haya," akasema.

Hakumwita tena. Mwanzoni Adero aliona raha isiyo na kifani. Hesabu zilikwisha mapema, hata akapata nafasi ya kuruka kamba. Lakini sahani za Dani zilianza kurudi jinsi zilivyokwenda, ugali mzima, samaki mzima. Redio haikuwashwa. Mama alimpeleka kliniki, wakampima damu na presha, wasione ugonjwa. Baba akaleta glukosi, akaleta ndizi, akaleta maziwa. Dani alisema jambo moja tu: arudishwe Nyakach.

Baba aliingia nyumbani na kutupa kofia mezani. Nyakach kwenyewe hakukuwa na nyumba wala mtu wa kumchemshia maji, alisema, na mzee asiyekula hawezi kuimaliza mvua ya masika peke yake. "Kitanda nimenunua, redio nimenunua. Sasa anataka nini, nimnunulie ziwa?" Hakuna aliyecheka. Mwishowe akasema kwa uchovu kwamba Jumamosi atampeleka.

Kesho yake Adero alitumwa na uji. Alimkuta Dani ameketi ukingoni mwa kitanda, uso ukutani. Uji aliomwekea hakuugusa. Adero alimwonea huruma, na hasira bado imo humo humo.

"Dani, kwa nini hutaki hata uji? Ni mimi nilikukosea?"

"Wewe una masomo yako," Dani akasema. "Kule nyumbani, zamani, wasichana wa kijiji walilala kwangu, wamejaa sakafuni hata sina pa kukanyaga. Mmoja anakoroma, mwingine ananyang'anya blanketi. Nilikuwa nikiwagombeza. Hapa namgombeza nani?"

Adero alivuka ua, akakunja mkeka wake, akachukua daftari, akamshika Aoko mkono. Mama alipouliza waendako, alisema wanakwenda kulala kwa Dani. Mama alikumbuka onyo la Baba, lakini akawafungulia mlango.

Usiku ule Dani alilalamika sana. Mikono ya Aoko ilikuwa na harufu ya samaki. Adero alifanya hesabu kwa kunong'ona kama mwizi. Lakini Aoko alipomwuliza Dani zamani alikuwa msichana wa aina gani, Dani alianza kueleza, na katikati ya maelezo akanyosha mkono kwenye sahani, akala bila hata kutambua. Maelezo yalikuwa marefu mno. Adero alisinzia kabla Dani hajafika umri wa kuolewa.

Jumamosi ilipofika, Baba alikuja kumchukua. Dani alimwambia hawezi kuondoka, bado hajamfundisha Aoko kuosha mikono.

Baba alitoka uani akacheka kidogo, kwa aibu. Hata yeye, akasema, alilelewa sakafuni kwa dani wake. "Tulishika mila ya kumpa mzee nyumba yake, tukasahau kwamba nyumba hiyo hujaa watoto."

Mama akamgeukia Adero. "Mzee hafi njaa ya chakula peke yake, mwanangu. Hufa njaa ya kuulizwa na kusikilizwa pia. Anapokuita bila sababu, basi sababu ni wewe."

Ng'ambo ya ua, Dani akaita. "Lakini, Mama, anaita sana."

"Najua," Mama akasema. "Nenda."