Sensa kwenye Kikombe cha Chai

Wewe uliyesogea karibu na jiko, nikutegee. Anashinda ndani ya maji, hanywi wala haogi, kazi yake ni kusema kama yamepata moto. Nani huyo? Samaki? Hapana. Kijiko? Kijiko kimewahi kusema nini? Umeshindwa, nipe mji. Kericho? Nimeupokea, na baridi yake yote. Basi jibu ni sensa ya joto, kidude kama kidole gumba kilichochomekwa kwenye injini ya gari. Na sikiliza ilivyowakutanisha watu wawili huko huko kwenye mji ulionipa.

Barabara ya soko ilikuwa imejaa mikokoteni ya viazi, na katikati yake Probox nyeupe imegoma. Mwenyewe ni Ombui, kijana wa Sosiot anayeleta maziwa hotelini, shati limepigwa pasi na gambuti miguuni. Aliliacha gari pembeni tangu saa moja. Alipoliwasha saa nne na kuliingiza barabarani, geji ya joto iliruka mpaka kwenye nyekundu na feni ikanguruma kama kinu cha posho. Akazima, akafungua boneti, akashika chupa ya maji baridi.

"Weka hiyo chupa chini."

Aliyesema ni Eddah, fundi wa gereji ya pembeni. Ovaroli ya buluu imekunjwa mikono, kitambaa cha manjano kichwani, kikombe cha chai ya rangi mkononi. Magari ya nyuma yalipiga honi, hakuyajali.

"Imechemka, dada."

"Imechemka ikiwa imelala?" Eddah akaushika mkono wake, akauweka kwenye paipu ya rejeta. "Ni moto?"

"Paipu ni baridi. Mkono wako ndio moto."

"Huo ni moto wa kikombe. Usijidanganye."

Walilisukuma gari mpaka gereji. Eddah akaifungua sensa, akaiunganisha na mita ya kupimia umeme, akaitumbukiza kwenye chai yake. Ombui alitaka kujua kila kitu, naye akamweleza: sensa nzima ikiwa kwenye baridi namba huwa kubwa, ikipata moto namba hushuka. Hii ilikaa chini tu, iwe kwenye chai, iwe kwenye maji ya mfereji, kwa hivyo kila saa ilikuwa ikiliambia gari kwamba linaungua. Sensa mpya ilianza elfu mbili na kitu, ikaingia kwenye chai, ikateremka mpaka mia tatu. Ombui aliangalia zile namba kama mtoto anayeangalia kifaranga kikitoka kwenye yai. Kisha akaomba hiyo chai ainywe. Akaambiwa ina grisi.

Tangu siku hiyo maziwa ya gereji hayakukosekana. Simu nazo zilikuwa za asubuhi, mchana na jioni. Eddah alimwita Bwana Mtungi, yeye akamwita Fundi Wangu. Miezi miwili ikapita hivyo, na Jumapili moja Ombui akauliza kwenye simu, "Mpenzi, Jumamosi twende Sosiot ukaonane na mama?"

 Eddah akasema atamjibu Jumatano, uso kwa uso.

Ombui alilala ameshapata jibu kichwani. Kesho yake alikuwa na safari ya Bomet, na huko akaoshesha gari ling'ae kwa ajili ya mgeni wa mama. Akawaambia waoshaji wapige bomba hata ndani ya injini. Maji yakaingia kwenye plagi ya sensa, pale waya unapochomekwa, na alipowasha, geji ikaruka tena mpaka kwenye nyekundu. Hapo mwoga huyu hakumpigia Fundi Wake. Madereva wenzake walikuwa wamemcheka sana kwamba gari lake linatibiwa na mpenzi. Akaenda kwa binamu yake Onchiri, mwenye gereji hapo Bomet. Onchiri akatoa themostati, kile kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate joto. Akasema kwenye baridi ya majani chai kilango hicho ni cha kazi gani? Jioni plagi ilikauka yenyewe, geji ikashuka, na Ombui akamshukuru binamu.

Shukrani hiyo haikumaliza usiku. Asubuhi, huku Kericho, Probox ilikohoa mji mzima ukasikia. Injini haikupata joto, ikanywa petroli kama ng'ombe anayenyonyesha. Gordon, dereva wa teksi, akatangaza kwamba hiyo ni sensa ya Eddah, mwanamke na injini wapi na wapi. Wateja wawili wakayaondoa magari yao kwa Eddah siku hiyo hiyo. Ombui alisikia yote. Akainamia kikombe chake.

Jumatano akalipeleka gari. Eddah akaitia sensa kwenye chai, namba ikateremka vizuri. Akafungua mahali pa themostati, akakuta patupu.

"Nani alifungua hapa?"

"Sijui."

Eddah alimwangalia, akafunga boneti, akamrudishia ufunguo. Ombui akauliza habari ya Jumamosi. Alijibiwa na mlango wa ofisi.

Jumamosi ikapita. Kila Ombui alipopiga simu, Eddah aliuliza, "Umejua aliyefungua?" Ombui akaanza habari za mvua, na simu ikakatwa. Gereji ilibaki na gari moja, nalo halina magurudumu.

Siku ya kumi Ombui alikuja gereji, wakati Gordon na wenzake wako pale nje wanakunywa uji. Hakusalimia mtu.

"Eddah, ni mimi," akasema, sauti ikiwafikia wote. "Maji kwenye plagi ni yangu. Themostati aliitoa Onchiri nikiwa nimesimama hapo. Sensa yako haina shida, na hawa nilikuwa nawasikia wakikusema nikanyamaza. Niliogopa kuchekwa."

Gordon aliangalia uji wake.  Eddah akatoa themostati mpya kwenye kasha, akaifunga, akajaza maji, akaiacha injini iungurume. Watu wote wakainamia dirishani kuangalia geji. Ikapanda polepole, ikafika katikati, ikatulia hapo. Gordon akauliza, kwa upole safari hii, kama teksi yake inaweza kuangaliwa mchana.

Eddah akafuta mikono, akamgeukia Ombui.

"Jumamosi nitakuja kwa mama," akasema. "Lakini gari nitaendesha mimi."